Chupa Nne za Kharumwa

Kamati ya Usalama wa Utafiti wa Kibiolojia ya Chuo Kikuu cha Mwamalulu ilikuwa na wajumbe saba. Sita walikuwa wasomi, wa saba alikuwa Euphrasia. Kanuni zilidai awepo mjumbe mmoja kutoka katika jamii, yaani mtu asiye na shahada ya vijidudu, wa kuuliza yale ambayo wasomi wanaona haya kuyauliza. Chuo kilipoitafuta jamii hakikuhangaika sana. Kilivuka barabara ya Ibadakuli, kikamchukua huyu Euphrasia, ambaye wengi humwita Mama Serafina, Inspekta mstaafu wa polisi, aliyekula miaka thelathini na miwili kwenye upelelezi kati ya Shinyanga na Geita, na ambaye tangu astaafu alikuwa akiwahoji wauza mchicha mpaka baadhi yao wakabadili njia.

Kwa mwaka mzima kamati haikumtaka afanye lolote zaidi ya kusaini mahudhurio. Alikuja, akasaini, akanywa chai, akarudi nyumbani. Jumanne hiyo mambo yalikuwa mengine.

"Hapa hakuna cha kupeleleza," alisema Profesa Eustace, mwenyekiti, huku akijifuta jasho shingoni. "Sampuli nne zimetoweka kwenye friza ya maabara. Maziwa ya ng'ombe wa Kharumwa, yanayoshukiwa kuwa na brusela. Anayetunza friza ni Enock. Aliyemtembelea Enock ni mnunuzi wa dhahabu. Mnataka nini tena, kwaya iimbe?"

Brusela, kwa asiyeijua, ni kijidudu kinachomtupisha ng'ombe mimba. Kikimpata mtu kupitia maziwa mabichi humletea homa ya kuja na kuondoka, jasho, na maumivu ya viungo ya kumzeesha kabla ya siku zake. Si kitu cha kuzurura nacho mjini.

"Mnunuzi wa dhahabu atayafanyia nini maziwa?" aliuliza Euphrasia.

"Mama Serafina, wewe huwajui watu wa machimboni. Huko wanaamini maabara yetu ina vijidudu vinavyotafuna mwamba na kubakiza dhahabu tupu. Wameacha kutafuta zebaki, wanatafuta vijidudu."

"Habari hizo wamezitoa wapi?"

Rhoda, katibu wa kamati, msichana mwenye kalamu mbili na sauti ya kuazima, akainamia karatasi zake. "Redioni," alisema. "Profesa alihojiwa mwezi wa tatu."

"Nilizungumzia nchi za nje," Profesa alijitetea. Akajifuta jasho tena. Alikuwa na malaria, na malaria yenyewe ilikuwa ya ajabu, maana aliimezea dawa ya mseto dozi mbili na wiki ya tatu hii ilikuwa bado haijapata habari. "Tusipoteze muda. Napendekeza Enock afukuzwe kazi na akabidhiwe polisi. Barua ya kumsimamisha nimeshamwandikia asubuhi. Haruhusiwi kugusa sampuli yoyote."

Klara, mhudumu, alikuwa akizunguka na birika. Mjumbe wa uhandisi alichungulia kikombe chake. "Leo ya rangi tena?"

"Maziwa hayapo, mzee," alijibu Klara, akaendelea kumimina.

"Kuna aliyemhoji Enock?" aliuliza Euphrasia.

"Nimesema ameandikiwa barua."

"Nimesikia. Nimeuliza kama amehojiwa."

Ndege ilikuwa inatua uwanja wa jirani, na kikao kilikuwa na desturi ya kuinyamazia. Ilipokwisha kutua, Euphrasia alikuwa bado ameinua mkono. Aliwaeleza kwamba mtu akifukuzwa kwa kuiba vijidudu vya hatari, hakuna maabara wala zahanati itakayompokea tena nchi hii. Miaka kumi na moja ya kazi isizikwe kwa kikombe kimoja cha chai. Aliomba siku mbili. Wajumbe, ambao wote walikuwa na vipindi vya kufundisha, walimpa mpaka Alhamisi saa nne asubuhi, zaidi kwa haraka ya kutoka kuliko kwa huruma.

Enock alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya maabara, barua mapajani, mgongo wima, mithili ya mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwembamba, mwenye koti jeupe lililofungwa vifungo vyote. Kabla ya kuja chuoni alikuwa kituo cha afya, akitoa watu damu tangu asubuhi hadi jioni, na mpaka leo akikusalimu huangalia kwanza mishipa ya mkono.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Nimekuja kuona friza."

"Rhoda atakufungulia. Mimi siruhusiwi kugusa. Nitakuelekeza nikiwa mlangoni."

Na kweli alisimama mlangoni, vidole vya miguu vimeishia kwenye kizingiti. Euphrasia alilipenda hilo. Katika miaka yake ya kazi alikuwa amekutana na wezi wengi, na hakumkumbuka hata mmoja aliyeheshimu kizingiti.

Friza ilikuwa ile ile ya kawaida, ya kuuzia samaki na barafu za watoto, yenye mfuniko wa juu usio na kufuli. Ndani mlikuwa na kisanduku cha mirija kumi na mitano, kila mmoja na kibandiko chake. Pembeni ya kisanduku barafu ilikuwa imeota nene, isipokuwa sehemu nne zilizobonyea, duara kamili, zimepangana kama vikombe kwenye sinia. Euphrasia alitoa miwani, akaipima duara moja kwa kioo cha miwani. Duara ilikuwa pana kuliko kioo.

"Mligundua lini?"

"Jana Jumatatu. Vitendanishi vya kupimia ndiyo kwanza vimefika, tulikuwa tunavisubiri zaidi ya mwezi. Nikafungua nianze kupima, nikakuta kumi na tano badala ya kumi na tisa."

"Mara ya mwisho kuzihesabu?"

"Siku nilipozileta. Wiki sita sasa. Friza ikifunguliwa funguliwa, sampuli zinaharibika. Ni kanuni ya sita."

"Hizo nne zilikuwa za ukubwa gani?"

Enock alikitazama kizingiti. "Mililita kumi kumi, afande. Kama itifaki inavyosema."

"Mirija kama hii?"

"Kama itifaki inavyosema."

Euphrasia alifunga mfuniko taratibu. Mtu anayesema ukweli hujibu swali, na anayesema uongo hujibu kanuni. "Na huyu Benjamini wa Kharumwa, mnunuzi wa dhahabu aliyeandikwa kwenye kitabu cha wageni pale getini. Alikuja kufanya nini?"

"Siwezi kusema."

"Enock, unajua Alhamisi kuna nini?"

"Najua. Lakini kanuni ya tisa inakataza kuwataja watu wa namna fulani, na ukiniuliza ni watu wa namna gani nitakuwa nimeshawataja." Alikunja barua yake. "Kamati yenyewe ndiyo iliyoipitisha."

Alikuwa karibu kulia, na Euphrasia alimhurumia kwa dhati. Lakini huruma haijawahi kufunga jalada. Funguo za maabara, alivyoelezwa na Rhoda, zilikuwa tatu: wa Enock, wa katibu, na wa usafi unaotundikwa kwa mlinzi. Kitabu cha mlinzi hakikuonyesha mgeni mwingine yeyote kwa wiki sita isipokuwa Benjamini, aliyeingia akakaa robo saa na kutoka mikono mitupu, mlinzi akiapa kwamba alimpapasa mpaka soksi.

Jumatano asubuhi alipanda gari la Kharumwa, na saa saba mchana alikuwa amesimama mbele ya karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, akiwa mweupe wa vumbi kuanzia kichwani. Benjamini alikuwa jitu la mtu, kofia ya sufu kichwani juani, akipokea viroba vya mawe kutoka kwa vijana waliotoka duarani, yaani shimoni.

"Mwadila," Euphrasia alimsalimu Kisukuma, akipaza sauti kushinda mashine.

"Mwadila, mayu," aliitikia Benjamini, akimwita mama. "Umeleta mawe?"

"Natoka chuo kikuu. Shinyanga. Kwenye kamati."

Benjamini alipunga mkono, karasha ikazimwa. Vijana wote wakageuka. Euphrasia alijiandaa kwa lolote, hata kwa mbio, ingawa magoti yalikuwa yameshapinga wazo hilo.

"Hatimaye," alisema Benjamini. "Wanaumwa au hawaumwi?"

"Nani?"

"Ng'ombe wangu, mayu. Wanne wametupa mimba mwaka huu. Nimekwenda huko kwenu mimi mwenyewe, nimepapaswa mpaka soksi, Enock akaniambia vya kupimia havijafika. Nikarudi. Sasa umekuja wewe badala ya majibu?"

Kanuni ya tisa, alielewa sasa, ilikataza kuwataja wenye mifugo. Enock alikuwa tayari kufukuzwa kazi kuliko kutaja jina la mwenye ng'ombe, na wajumbe waliotunga kanuni hiyo hawakukumbuka kwamba ipo.

Walikwenda nyumbani, nyuma ya karasha. Juliana, mke wa Benjamini, alileta kikombe kikubwa cha maziwa. Euphrasia alikipokea kwa mikono miwili, maana kukataa maziwa katika boma la Msukuma ni kutangaza ugomvi, akabaki anakitazama.

"Kunywa, yamechemshwa," alisema Benjamini. "Tangu Enock atukataze mabichi, mke wangu hapa anachemsha hata maji ya kunawa."

Alikunywa. "Siku Enock alipokuja kuchukua maziwa, alichukua kiasi gani?"

Benjamini alimtazama mkewe, wakacheka wote wawili. "Huyo ndugu ana vituko. Katoka Shinyanga, barabara ile, jua lile, halafu anaomba maziwa ya kijiko. Kijiko, mayu. Kwa wenzetu sijui, lakini hapa mgeni akipimiwa maziwa kwa kijiko, majirani watasema tumefilisika. Juliana alikuwa ameshakamua wale wanne, akajaza chupa nne."

"Chupa za namna gani?"

Juliana alinyoosha kidole kwenye kamba ya kuanikia. Chupa za maji za nusu lita, zilizooshwa, zimetundikwa kichwa chini. Euphrasia aliomba moja, akaiwekea kioo cha miwani kitakoni. Kitako kilikuwa kipana kuliko kioo, sawasawa na zile duara za kwenye barafu.

"Enock alisemaje?"

"Alikataa. Akasema itifaki. Juliana akakunja uso. Basi akapokea, akaziandika namba kwenye kipande cha plasta, akashukuru. Ni mtu mstaarabu."

Euphrasia aliaga, akashukuru kwa wabeja mara mbili, akatafuta mahali penye mtandao chini ya ukuta wa duka la nyundo na sururu. Kesi ilikuwa imempindukia mikononi. Mirija minne mtu anaweza kuitoa getini ndani ya kofia. Lita mbili za maziwa hazifichiki kwenye soksi. Na tena, mwizi wa vijidudu angechukua mirija yenye vibandiko, asingechukua chupa za maji zenye plasta. Anayeacha vya maabara na kuchukua maziwa, ametaka maziwa.

Alipiga simu. "Enock. Nusu lita."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini hukusema?"

"Itifaki inasema mililita kumi. Ningesema nusu lita, ningefukuzwa kwa kosa la pili kabla ya kumaliza la kwanza."

"Na stika ya hatari? Chupa za kijidudu hazina stika?"

"Ziliisha mwaka jana. Niliomba nyingine, na kufuli ya friza. Niliandika barua tatu."

"Ulimwandikia nani?"

"Nyinyi, afande. Kamati."

Euphrasia aliona haya, haya za kweli, zile za kushika masikio. Alikuwa amehudhuria vikao vyote vitatu. Saini zake zilikuwepo.

Alhamisi saa mbili asubuhi alikuwa ofisini kwa Rhoda, akisoma mihtasari. Alipokuwa polisi alizoea kusoma maelezo ya mashahidi, na mashahidi angalau huwa na hamu ya kusema jambo. Mihtasari ilikuwa imeandikwa ili isisomwe. Alipiga moyo konde.

Kikao cha kwanza: ombi la Enock la kufuli na stika, litajadiliwa kikao kijacho. Cha pili: kwa kuwa akidi ilipungua baada ya mjumbe wa uhandisi kwenda kupokea mgeni uwanja wa ndege, ombi litajadiliwa kikao kijacho. Chini yake, kwenye Mengineyo: wajumbe walisikitishwa na chai ya rangi, wakaazimia kwa kauli moja chai ya kamati iwe na maziwa, mtekelezaji Katibu. Kikao cha tatu, wiki tano zilizopita: ombi la kufuli litajadiliwa kikao kijacho. Yatokanayo: agizo la maziwa limetekelezwa, wajumbe wakapongeza.

Alivua miwani. Katika vikao vitatu kamati ya usalama ilikuwa imetekeleza azimio moja tu.

"Rhoda, mwanangu, uliyapata wapi maziwa?"

"Nilimwambia Klara ni agizo la kamati. Ayatafute humu humu chuoni." Rhoda aliinua macho, na hapo akaona uso wa Euphrasia. Kalamu zote mbili zilianguka.

Klara alikuwa stoo, akisuuza vitambaa vya kupigia deki. Kuna wapelelezi wanaoingia kwa kishindo. Euphrasia alijifunza zamani kwamba mtu hukana kosa, lakini sifa haikani.

"Klara, chai ya kikao kile kingine bado iko mdomoni mwangu."

"Shikamoo, mama." Klara alitabasamu. "Yale yalikuwa ya ng'ombe wa kienyeji. Yana mafuta."

"Marahaba. Uliyatoa wapi mazuri vile?"

"Si pale maabara? Nachukua ufunguo wa usafi kwa mlinzi kila asubuhi. Nikasema nifute friza juu, nikafunua, nikaona chupa nne za maziwa yameganda. Katibu alishasema nitafute humu chuoni, nikajua ndiyo haya."

"Hukuogopa kwamba ni ya mtu?"

"Yangekuwa ya mtu yangeandikwa jina, mama. Yale yaliandikwa namba. Hapa chuoni kitu chenye namba ni mali ya ofisi. Viti vina namba, meza zina namba, hata hii ndoo." Aliigeuza, na kweli, ndoo ilikuwa na namba.

Euphrasia alitafuta hoja ya kumpinga, akaikosa. Mlinzi naye hakumwandika, maana kitabu ni cha wageni na Klara si mgeni. Aliuliza swali lililobaki, polepole, kwa kuwa yeye mwenyewe siku ile alikunywa vikombe viwili.

"Uliyachemsha?"

"Nilichemsha mpaka yakapanda mara tatu. Siwezi kuwapa wakubwa maziwa ya kunusa moto."

"Chupa zote nne?"

"Tatu. Ya nne alikunywa Profesa peke yake. Alisema vidonda vya tumbo vinamsumbua, anataka maziwa matupu, ya baridi, yasipite motoni. Nilimpa yakiwa bado na barafu barafu. Alimaliza yote, akanishukuru kweli." Tabasamu likaanza kufifia. "Nilikosea, mama?"

"Wewe ulitekeleza azimio," alisema Euphrasia, akakaa juu ya ndoo yenye namba.

Saa nne kamili kikao kilifunguliwa. Enock aliitwa, akasimamishwa karibu na mlango. Profesa Eustace alikuwa na koti la baridi, na jasho likimtiririka chini ya koti. Alijiinua kwenye kiti kwa kusaga meno, akishika nyonga.

"Ajenda ni moja. Wanaoafiki Enock afukuzwe, wanyooshe mikono."

"Kabla ya mikono," alisema Euphrasia, "sampuli zimepatikana."

Chumba kilishusha pumzi. "Ziko wapi?" aliuliza mjumbe wa uhandisi.

"Wewe ulikunywa vikombe vitatu. Mimi viwili. Aliyekunywa kimoja ni Rhoda peke yake."

Aliwasomea mihtasari yao wenyewe, kwa sauti ya mahakamani, bila kuongeza neno. Alipofika kwenye "wajumbe wakapongeza", watu watatu walisukuma vikombe vyao mbele, mmoja akashika tumbo, na mmoja aliuliza kama kuna sehemu imeandikwa kuwa hakuwepo. Rhoda akamwonyesha saini yake.

"Msiogope," alisema Euphrasia. "Yalichemka mara tatu. Brusela haivumilii hata mara moja. Chai ile ilikuwa salama kuliko kamati yenyewe."

"Mhudumu huyo afukuzwe leo hii," alifoka Profesa. "Na Enock naye, kwa kuweka sampuli kwenye chupa za maji."

"Mwenyekiti, Klara ametekeleza azimio la kwanza kutekelezwa tangu kamati hii iundwe. Ukimfukuza, nani atatekeleza la pili? Na Enock aliomba kufuli mara tatu. Kufuli moja tu, na friza ile isingefunguliwa na mtu mwingine. Tulimnyima sisi, nikiwemo mimi, na ninaona aibu." Aligeuka. "Kuhusu chupa, ni kweli alikosea. Aandikiwe onyo, na litajwe boma lililomshinda kwa ukarimu. Lisitajwe jina. Kanuni ya tisa."

Enock, pale mlangoni, alishusha mabega kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

"Sasa nina swali la mwananchi asiye na shahada," aliendelea Euphrasia. "Zilizochemshwa ni tatu. Ya nne, Profesa, uliitaka ya baridi."

Wajumbe wote waligeuka kumtazama, naye akaanza kujitazama.

"Malaria yako ina siku ngapi?"

"Wiki tatu."

"Ulipimwa?"

"Naijua malaria yangu."

"Homa inakuja jioni inaondoka asubuhi? Jasho? Nyonga, magoti, mgongo?"

Mtu mkubwa yule alipungua kwenye kiti mpaka koti likampwaya. Sauti ilipotoka haikuwa ya mwenyekiti. "Inatibika?"

"Inatibika, Profesa," alisema Enock. Alikuwa amesahau kwamba hakuruhusiwa kuzungumza. "Kuna vidonge, wiki sita, usikatishe hata siku. Lakini kwanza upimwe. Hospitali watakuchukua damu waitume mbali, majibu ni wiki mbili au tatu. Hapa vitendanishi vimefika Jumatatu. Ni dakika chache. Kikionyesha, unakwenda kwa daktari na karatasi mkononi."

"Si vile vya ng'ombe?"

"Ni hivyo hivyo. Kijidudu ni kimoja, hakijui cheo."

Walihamia maabara wote, kamati nzima, ikiwa ndiyo mara ya kwanza kwa wanne kati yao kuingia mle. Profesa alivua koti, akakunja shati, akalaza mkono wa kulia juu ya meza na kufumba macho. Hakuna kilichotokea. Alipofumbua, Enock alikuwa amesimama kwenye kizingiti, vidole vya miguu vimeishia pale pale, glavu mkononi hazijavaliwa.

"Samahani, Profesa. Damu ni sampuli."

Profesa alimtazama Euphrasia. Euphrasia alikuwa akisoma tangazo la kuzima moto ukutani.

"Lete hiyo barua," alisema Profesa.

Enock aliitoa mfukoni mwa koti, imekunjwa vizuri mara nne, akaipitisha kwa Rhoda, Rhoda akaiweka mezani pamoja na kalamu. Profesa aliandika IMEFUTWA kwa mkono wa kushoto, herufi zikipanda kilima, akasaini. Enock aliomba na tarehe. Profesa akaweka tarehe. Ndipo Enock alipovuka kizingiti, akavaa glavu moja baada ya nyingine, akamfunga mpira juu ya kiwiko, na kumwambia mwenyekiti wake kwa upole akunje ngumi.